Saa za Bandia na Sisi Wanafunzi



Katika shule yetu hii umeingia ugonjwa ambao muuguzi wetu hana dawa yake, nao ni kupenda saa ya mkono yenye jina kubwa. Likizo ikiisha na mabweni yakijaa tena, utaona mikono ya mashati imekunjwa hata viwikoni, ingawa asubuhi ni baridi, ili kinachong'aa kionekane. Mmoja ana Rolex, wa pili ana Omega, wa tatu ana Rado. Mgeni akipita angedhani hii ni shule ya wana wa wafalme. Lakini hata majuma matatu hayaishi, saa hizo huanza kufa moja moja, na mitihani inapokaribia utamsikia mwenye Rolex akimwuliza mwenye saa ya plastiki, "Ndugu yangu, saa ngapi sasa?"

Sikushika kalamu ili kuwacheka wenzangu. Nimeishika kwa sababu fedha zinazopotea ni fedha za kahawa, za mahindi na za ng'ombe wa wazazi wetu, na kwa sababu uwongo unaovaliwa kila siku mwisho huzoeleka. Mimi nina umri wa miaka 19, na mjomba wangu ni fundi saa mjini Mbale. Likizo nyingi nimekaa kando ya meza yake, nikishika taa na kutafuta skrubu zilizoanguka sakafuni, na kwa hiyo nimeona matumbo ya saa nyingi, za kweli na za bandia. Hayo niliyoyaona na kujifunza ndiyo nitakayowaeleza, pamoja na maoni yangu. Maoni yenyewe ni haya: kwamba mtu aweza kuzitambua saa nyingi za bandia kabla ya kutoa fedha yake, akitumia macho, masikio na akili, na kwamba mtu ajuaye kuwa saa ni ya bandia, kisha akainunua apate kujivuna, yeye naye ni mshiriki katika udanganyifu.

Wako wasemao kwamba saa za bandia ni jambo la siku hizi. Si kweli. Abraham-Louis Breguet, aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 na kufanya kazi yake Paris, alikuwa mmoja wa mafundi saa mashuhuri kabisa wa wakati wake, hata wafalme walinunua kwake. Wajanja wakaanza kuandika jina lake juu ya saa ambazo hakuzitengeneza. Basi yapata mwaka 1795 akaanza kutia sahihi ya siri usoni mwa saa zake, kwa maandishi membamba mno ambayo mtu hawezi kuyaona mpaka aigeuze saa kwenye mwanga wa upande. Tazameni basi: miaka zaidi ya 200 iliyopita jina la fundi lilikuwa likiibwa, na sababu ilikuwa ile ile ya leo. Jina jema hupatikana kwa miaka mingi ya kazi, na mwizi hutaka kulivuna kwa siku moja.

Ila leo shamba la mwizi huyo limepanuka. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikadiria kwamba biashara ya bidhaa za bandia kati ya nchi na nchi ilifika kiasi cha dola za Marekani bilioni 464 mwaka 2019, yaani asilimia 2.5 ya biashara yote ya dunia. Saa ni miongoni mwa bidhaa zinazoigwa sana, kwa kuwa ni ndogo, hubebeka mfukoni, na jina moja fupi lililochapwa usoni laweza kuipandisha bei mara mia. Hapana budi sisi tulio kwenye mipaka, ambako malori hupita usiku na mchana, tujifunze kujilinda.

Haya, tuingie sokoni.

Jambo la kwanza ni kumtazama mwuzaji kabla ya kuitazama saa. Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rolex mpya huuzwa kwa maelfu ya dola. Mtu akikunyoshea Rolex dirishani mwa basi kwa shilingi 50,000, tena basi linatia moto, fikiri kidogo. Kama saa ile ni ya kweli kwa bei hiyo, basi imeibwa. Na kama haikuibwa, basi si ya kweli. Njia zote mbili zina miiba. Mwulize: Duka lako liko wapi? Kesho nitakukuta hapa? Una cheti cha dhamana chenye nambari ile ile iliyo mgongoni mwa saa, tarehe ya kuuza na mhuri wa duka? Mwuzaji mwaminifu hajibu kwa hasira. Mwenye hila atakwambia kwamba wako watu wengine watatu wanaoitaka saa hiyo hiyo. Akisema hivyo, mwachie hao watu watatu.

Jambo la pili ni kuusoma uso wa saa polepole, kama usomavyo swali la mtihani. Ukiweza, tumia kioo cha kukuzia. Maandishi ya saa ya kweli yamechapwa safi, kingo zake hazina mavimbe wala wino uliotapakaa. Tarehe imekaa katikati ya kidirisha chake, haikuegemea ukuta. Alama za saa zimenyoka, na mishale yafika pale inapopaswa kufika. Kwenye Rolex zenye kijioo cha kukuzia tarehe, kijioo hicho huikuza mara mbili na nusu. Katika nyingi za bandia tarehe hubaki ndogo kama mbegu ya mtama.

Tena tazama kama maneno yaliyo usoni yanapatana. Nimeona kwa macho yangu, mezani kwa mjomba, saa yenye jina la Casio, na chini yake maneno "Swiss Made", yaani imetengenezwa Uswisi. Casio ni kampuni ya Kijapani! Aliyeichapa saa ile hakujua hata anamwiga nani. Maneno hayo ya Uswisi si pambo la bure. Kwa sheria ya nchi ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, saa haiwezi kuandikwa hivyo isipokuwa mashine yake ni ya Uswisi, imefungwa na kukaguliwa mara ya mwisho huko huko, na gharama za kuitengeneza, zisizopungua asilimia 60, zimetumika huko huko. Vivyo hivyo, ukiona uso mmoja una neno "Quartz" na neno "Automatic" pamoja, shtuka. La kwanza huitaja saa ya betri, la pili huitaja saa ijijazayo ufunguo kwa mwendo wa mkono. Mfano wa saa hiyo ni kama mtu mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa.

Jambo la tatu ni mshale wa sekunde, na hapa nawaomba wapenzi wa fizikia wanisikilize. Katika saa ya betri kuna kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatsi. Umeme ukipita, kipande hicho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mitambo midogo huigawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15, hata ikabaki moja. Pigeni hesabu wenyewe mtaona. Mpigo huo mmoja ndio unaousukuma mshale, na kwa hiyo mshale wa saa nyingi za betri huruka mara moja kila sekunde, kisha hutulia. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hii kuuzwa kwa watu ni Seiko Astron, iliyotolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969.

Saa isiyo na betri huendeshwa na springi, na gurudumu lake la mizani huenda na kurudi upesi zaidi. Seiko 5 zenye mashine ya 7S26, ambazo wazazi wengi wanazo, hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 6 kila sekunde. Rolex nyingi hupiga mara 28,800, yaani mara 8. Kwa hiyo mshale wake huonekana kama unateleza. Basi ukiona saa imeandikwa "Automatic", na mshale wa sekunde unaruka mara moja kwa sekunde kama chura, uso wa saa umesema uwongo, na kesi imekwisha.

Lakini angalieni sana hapa. Jaribio likishindwa, latosha kuihukumu saa. Likifaulu, halitoshi kuiachilia huru. Wako waigaji watumiao mashine za springi za bei ndogo, na mishale ya saa zao huteleza vizuri. Tena ziko saa chache za betri, za kweli kabisa, ambazo mshale wake huteleza. Kila jaribio ni shahidi mmoja, na hakimu mwema hukusanya mashahidi wengi.

Jambo la nne ni mkono na sikio. Iinue saa. Chuma kizuri kina uzito, na saa ya bandia mara nyingi ni nyepesi kama ganda la njugu. Itikise karibu na sikio. Usisikie kitu kinachogonga ovyo ndani yake. Zungusha kifundo cha pembeni. Mishale isogee bila kuchezacheza, na ukikirudisha kifundo mishale isiruke mahali pake. Kama saa ina duara ndogo usoni na vifungo viwili pembeni, bonyeza vifungo. Katika saa ya kweli ya namna hiyo vifungo huanzisha na kusimamisha kipimo cha muda. Katika bandia nyingi vifungo havibonyezeki, na mishale midogo imebandikwa tu kama masharubu ya mwigizaji. Rado za springi zina nanga ndogo usoni, na nanga hiyo huyumba na kuzunguka uigeuzapo saa. Nanga iliyoganda kabisa yatia shaka.

Jambo la tano ni mgongo wa saa, ambao wanunuzi wengi hawautazami. Kwenye mgongo wa Seiko kuna nambari mbili. Ya kwanza ina sehemu mbili za alama nne nne: nne za mbele hutaja mashine, na nne za nyuma hutaja kasha. Kisha tazama chini kabisa ya uso wa saa, pale kwenye maandishi madogo sana. Alama nne za mashine zapaswa kuwa zile zile. Zikitofautiana, basi uso na mwili havikuzaliwa pamoja. Jambo hili hutokea sana kwa saa kuukuu zilizopakwa rangi mpya usoni na kuuzwa kama mpya. Nambari ya pili yenye tarakimu sita hutaja siku za kuzaliwa: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Mwuzaji akiapa kwamba saa imetoka kiwandani mwaka huu, na nambari yasema mwaka mwingine, iamini nambari.

Rolex nayo, kwa muda mrefu, mgongo wake ni chuma kitupu. Ni aina chache tu za ghali sana zilizo na kioo nyuma. Basi zile za kituo cha mabasi zenye dirisha la nyuma la kuonyesha mashine zimejishtaki zenyewe.

Msidhani kwamba huigwa saa za matajiri tu. Hata Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambayo ni ya bei nafuu, waigaji hawakuihurumia. Ukitaka kuijaribu, bonyeza kitufe cha upande wa kulia ukishikilie kwa sekunde tatu hivi. Neno CASIo litatokea kwenye kioo. Mgongoni mwake tafuta nambari 593 ndani ya kijisanduku. Neno lisipotokea, irudishe. Likitokea, endelea na majaribio mengine, kwa kanuni ile niliyoitaja ya mashahidi wengi.

Jambo la sita ni kutodanganywa na mazingaombwe. Wachuuzi wengine hukwaruza kioo cha saa kwa sarafu, au hupitisha moto wa kiberiti cha gesi juu yake, na watu hupiga makofi. Jifunzeni kutoka jiolojia. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, yakuti inayotiwa kwenye saa za ghali ina ugumu wa 9, na kioo cha kawaida kama 5 na nusu. Sarafu ni laini kuliko vyote viwili. Kwa hiyo sarafu haikwaruzi hata kioo cha dirisha la bweni letu, na jaribio lile halithibitishi kitu. Moto wa nukta mbili nao kwa kawaida haudhuru kioo. Mchuuzi hakuonyesha ubora wa saa. Alionyesha kwamba hatukusoma.

Wala usiitumbukize saa majini ili kuijaribu. Maneno "water resistant" na "30 m" hayana maana kwamba waweza kupiga mbizi mita thelathini. Ni kipimo cha kiwandani, na saa ya namna hiyo huvumilia mvua na kunawa mikono. Ile ya bandia mara nyingi haina hata mpira wa kuzuia maji, na ikitoka majini utakuwa umenunua samaki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo la saba, na la mwisho, lashinda yote. Kama fedha ni nyingi kwako, mwambie mwuzaji mfuatane kwa fundi saa, aufungue mgongo. Fundi atataka malipo madogo, lakini ni heri kutoa hayo kuliko kutupa yote. Mwuzaji akikataa katakata saa yake isifunguliwe, amekwisha kukujibu.

Sasa niwape mfano. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo, alifanya kazi ya kuchuma kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon likizo nzima. Akapata shilingi 80,000, azitumie kwa kamusi na vifaa vya hesabu. Njiani, kwenye kituo cha mabasi, mtu mmoja akamwonyesha saa ya dhahabu yenye jina la Kiswisi, ndani ya sanduku la mahameli. Akatoa 65,000. Muhula ule tulipofanya mitihani ya majaribio, aliketi nyuma ya nguzo asikoweza kuiona saa ya ukutani, akaitegemea ile ya mkononi. Ilisimama bila yeye kutambua. Alipoitazama aliona bado ana dakika arobaini, akaandika polepole kwa mwandiko mzuri. Kisha kengele ikalia. Maswali mawili ya mwisho, ambayo aliyajua, hayakuguswa.

Nilimpeleka kwa mjomba siku ya Jumamosi. Mjomba alifungua mgongo, akanyamaza, akamgeuzia aone mwenyewe. Ndani ya kasha lile pana mlikuwa na mashine ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imezungukwa na pete ya plastiki nyeupe ili isichezecheze. Dhahabu ilikuwa imeanza kubanduka, na chini yake ngozi ya mkono wa mwenzetu ilikuwa imefanya vipele, kwa maana nikeli iliyo katika vyuma hafifu huwadhuru watu wengine. "Mwanangu," mjomba akamwambia, "saa hii haikuharibika. Haikuwa nzima tangu siku ya kwanza." Mwenzetu hakulia, lakini njia yote ya kurudi shuleni hakusema neno.

Najua wako watakaonipinga, na ni haki yao. Watasema kwanza kwamba maskini hana la kuchagua. Saa ya kweli ni ya matajiri. Hoja hii naikataa kwa hesabu. Casio F-91W, kwa maelezo ya watengenezaji wake, hupotea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Rolex, kwa maelezo ya watengenezaji wake pia, hupotea si zaidi ya sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma, ambazo kwa siku 30 zaweza kufika 60. Seiko 5 ile ya 7S26 yaweza kuzidi hata sekunde 40 kwa siku moja, na bado ni saa ya heshima. Maana yake nini? Mtu anayetaka kujua wakati tu ameshapata saa bora kwa bei ndogo, tena yenye betri ya kudumu miaka kama 7. Hahitaji bandia ya kitu chochote. Anayenunua Rolex ya shilingi elfu hamsini hakununua wakati. Alitaka macho ya watu.

Watasema pili: "Hao wenye jina ni matajiri wa Ulaya, wakiibiwa jina, sisi yatuhusu nini?" Nami najibu kwamba mwizi wa jina hamwibii Mswisi peke yake. Yule mchuma kahawa si Mswisi. Na mwenye duka wa mjini petu, alipaye kodi na kodi ya nyumba, auzaye saa ndogo za kweli kwa faida ndogo, yeye naye si Mswisi. Lakini wateja wake huvutwa na yule wa sanduku la mahameli, ambaye kesho yuko mji mwingine. Nchi zetu nazo zimeliona jambo hili. Tanganyika ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963. Kenya ilitunga sheria ya kupinga bidhaa za bandia mwaka 2008. Na Uganda ina Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila dirisha la basi. Biashara hii itakufa siku wanunuzi watakapoikataa.

Watasema tatu: "Mimi najua ni bandia, sikudanganywa, basi nimemkosea nani?" Hoja hii ndiyo ngumu kuliko zote, na nimeifikiri sana. Sisi tusemao Kiswahili tumezoea jambo moja la ajabu kuhusu saa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 1, twasema ni saa saba. Ukiwa kwenye 7, twasema ni saa moja. Uso wa saa wasema hivi, nasi twasoma vingine, kwa maana twahesabu tangu mapambazuko. Je, huo ni uwongo? Sivyo. Ni mapatano ya watu wote, na hapana anayedanganywa nayo. Lakini avaaye saa ya bandia akijua hakupatana na mtu. Yeye ajua, nasi hatujui, na anataka tusijue. Akiulizwa, "Ni Rolex kweli?" atajibu nini? Ama aseme kweli aone haya, ama aseme uwongo. Ndiyo sababu nasema kwamba fedha ile imemnunulia deni la uwongo, atakalolilipa kila mara akunjapo mkono wa shati.

Tena kila anunuaye kwa kujua humpa mchuuzi mtaji wa kwenda kumdanganya asiyejua. Kama kusingekuwa na wanunuzi wa namna hiyo, wachuuzi wengi wangeacha kazi ile, na mwenzetu wa kahawa angefika shuleni na kamusi yake.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, mwanafunzi anayetaka saa anunue saa ndogo yenye jina lake lenyewe, katika duka lenye mlango na risiti, hata kama jina hilo halijulikani na mtu. Saa isiyojifanya kitu kingine haina aibu. La pili, asinunue siku ile ile aliyoiona. Alale kwanza, kwani tamaa hupungua asubuhi. La tatu, kioo cha kukuzia kilicho katika maabara yetu kitumike siku ya Jumamosi, kwa idhini ya mwalimu, kwa kila mwenzetu aliyeletewa saa na mtu kwa majaribio kabla ya kulipa. Mimi niko tayari kukaa hapo na kusaidia, mpaka nitakapomaliza shule mwishoni mwa mwaka. Wadogo zetu wa madarasa ya chini waje bila kuona haya, na walio na saa za bandia tayari nao waje, kwani hatutamtangaza mtu.

 Kama yuko mwenye maoni mengine, naomba ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa moyo mweupe.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita la Juu